Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu pesa ya fomu

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali fupi na umelizungushia maelezo marefu, jambo ambalo kwa uzoefu wangu hufanywa na mtu ambaye jibu analo tayari lakini halijamkaa vizuri moyoni. Unasema kikundi chenu kimekamilisha mswada wa tamthilia, kwamba mnataka kuanza kutafuta waigizaji hapo Iringa na baadaye huku Mbeya, na kwamba wenzako wamependekeza kila atakayekuja kwenye usaili alipie fomu ya shilingi 10,000. Umetaja sababu zao: ukumbi una gharama, mpiga picha hafanyi kazi bure, waamuzi watakula, na ada itawachuja wale wanaokuja kupoteza muda tu. Umeongeza kwamba Dar es Salaam wengi wanafanya hivyo wala hakuna anayelalamika. Kisha ukauliza kama ni halali.

Kuhusu uhalali mbele ya sheria, unajua kwamba baba yako hakusomea sheria. Kikundi chenu kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kibali cha kupiga picha mtakiomba Bodi ya Filamu, kama inavyotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na huko kote kuna maofisa ambao kazi yao ni kukujibu. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, tangu enzi ambazo Mbozi ilikuwa mkoa wa Mbeya na Songwe haijazaliwa kuwa mkoa, na kitu pekee ninachodai kukifahamu ni namna ya kutazama gharama na kuuliza ni ya nani. Kwa hiyo nitakujibu hilo. Anayechagua ndiye agharimie kuchagua. Umenisikia nikilisema tangu ukiwa mdogo, na mama yako hulimalizia kabla sijafika katikati, lakini hujawahi kuniuliza nililitoa wapi.

Nililitoa kwenye leja, lile daftari la hesabu za chama. Mwaka mmoja chama chetu kilitaka kupeleka kikundi cha maigizo kwenye maonyesho ya Nane Nane, hapa viwanja vya John Mwakangale, waigize mchezo wa kuwahimiza wakulima kupogolea mibuni na kupiga dawa ya chulebuni. Alitafutwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na kipaji cha kuchagua watu, naye akatoa tangazo kwenye vijiji vyote vya chama. Wakaja wengi, kuliko kamati ilivyotarajia. Mwalimu yule aliwasikiliza wote, mmoja mmoja, hata wazee wawili ambao ilikuwa dhahiri wamekuja kwa ajili ya chai, na mwisho akachukua watu tisa. Jioni akaniletea orodha ya nauli, ya wote waliofika, pamoja na bili ya chai na maandazi. Mwenyekiti alipoiona alifoka. Aliuliza kwa nini chama kilipie nauli za watu walioshindwa. Mwalimu akamjibu kwa upole sana: “Mwenyekiti, bila hao walioshindwa, ningejuaje kwamba hawa tisa ndio bora?” Mwenyekiti alinyamaza, akatia saini, nami nikaandika kwenye leja “gharama za uteuzi”, upande wa chama.

Hilo ndilo jambo lote, mwanangu, na ningeweza kuishia hapa. Yule aliyekataliwa ametoa kitu. Ametoa siku yake, amejifunza maneno ya mtu mwingine, amesimama mbele ya wageni akalia bila kufiwa, na kwa kufanya hivyo amekusaidia wewe kumtambua unayemtaka. Sasa unataka alipie na fedha juu yake.

Lakini nakujua, utasema baba ametoa mfano wa ushirika, na ushirika ulikuwa na fungu lake, wakati wewe huna hata kiti cha ofisi. Ni kweli. Tena utanikumbusha makato. Ulikua ukinisikia nikibishana na wakulima kuhusu makato: makato ya gunia, ya usafirishaji, ya ushuru, ya chama kikuu, hadi mkulima alipofikiwa na fedha yake ilikuwa imepungukiwa kila kona. Kwa hiyo mimi si mtu wa kujifanya kwamba mnyonge hajawahi kukatwa chochote kwenye daftari langu. Ila angalia yalikokatwa. Kahawa ilipofika Moshi kwa ajili ya mnada, ilionjwa kwanza; waonjaji walichukua sampuli, wakaipika, wakainusa, wakaionja kwa kijiko na kuitema, wakaipa daraja. Makato, hata yale niliyoyachukia, yalikatwa kwenye fedha ya kahawa iliyouzwa. Sijawahi kuandika kwenye leja kwamba mkulima amelipa ili mnunuzi aonje. Sampuli, naam, ilikuwa ya mkulima, naye hakurudishiwa. Nakubali. Na mwigizaji naye anakuja na sampuli yake, nayo ni siku yake na nauli yake. Hiyo inatosha kuwa sehemu yake ya hasara.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukueleza, kwa sababu wakati linatokea ulikuwa shule ya msingi, na baadaye tulilizoea mno kulisimulia kwa kicheko hadi asili yake ikapotea.

Mwaka 2006 walikuja watu hapa mjini, wakakodi ukumbi, wakatangaza redioni kwamba wanatafuta sura mpya za filamu. Ulikuwa wakati ambao filamu za Kitanzania zimeanza kuonekana katika kila kibanda cha video, na kila kijana aliyewahi kuigiza kanisani alijiona amebakiza hatua moja tu. Mwenye ukumbi alinifahamu, nami nilikuwa likizo, akaniomba nikae mezani mlangoni nikate stakabadhi kwa sababu wageni wale walitaka mtu mwenye mwandiko na anayeaminika mjini. Fomu ilikuwa shilingi 5,000. Nauli ya kutoka Tukuyu hadi hapa na kurudi ilikuwa ndogo kuliko fomu.

Shangazi yako alitoka Tukuyu kwa basi la alfajiri. Unamfahamu shangazi yako sasa, mwenye duka na sauti ya kukemea wapima mizani, lakini wakati ule alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaweza kumwiga babu yako akivaa viatu, watu wakamwona babu. Kwenye harusi walimwita aje kuwaliza watu, kisha awachekeshe, halafu chakula kiletwe. Alipofika mezani kwangu nikamwambia kwa sauti ya chini apite tu, fomu nitaishughulikia. Akakataa. Akaweka noti ya 5,000 juu ya kitabu, akasema: “Kaka, nikatie stakabadhi kama wengine.” Nikamkatia. Namba yake ilikuwa katika kitabu cha pili.

Alikuwa ameandaa kipande chake mwenyewe. Alinieleza tukiwa tunakula mahindi nje wakati wa mchana: alikuwa mjane anayewapokea shemeji waliokuja kuhesabu ng'ombe kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mjane anawakaribisha, anawapa viti, anawauliza hali ya safari, na katika adabu yote hiyo mtazamaji anapaswa kuelewa kwamba anawachukia. Alikifanyia mazoezi kipande kile jikoni kwake kwa muda mrefu, peke yake, akiwatumia masufuria kuwa ndio shemeji.

Asubuhi waamuzi walikuwa wakimwita mtu mmoja mmoja. Baada ya chakula walianza kuita wanne wanne, na kuelekea saa kumi wakawa wanaita wanane. Shangazi yako aliingia na kundi la wanane. Wakapangwa mstari. Kila mmoja akaambiwa ataje jina na urefu wake. Ilipofika zamu yake, mwamuzi mmoja, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi, alimwambia: “Cheka.” Shangazi yako akamuuliza acheke vipi, amekuwa nani, kuna nini. Akaambiwa: “Cheka tu, dada.” Akacheka. Wakamwambia asante, mtapigiwa simu.

Kile kicheko anachokicheka shangazi yako kwenye sherehe zetu, kile kirefu kinachoanzia juu na kuvunjika katikati, ambacho ninyi watoto mlikuwa mkikiomba na mkigaragara chini, ndicho hicho. Alikinunua kwa shilingi 5,000. Nanyi mlikipata bure, na sikatai kwamba hata mimi hunifurahisha, kwa sababu anakicheka vizuri mno, kila mara vizuri kuliko mara iliyopita. Ila kila akikicheka mimi huwaona wale shemeji na masufuria, na mjane ambaye hakuna mtu aliyemtazama.

Jioni nilifunga hesabu. Vishina vya stakabadhi vilikuwa 262, maana yake shilingi 1,310,000. Nikaomba matumizi ili niandike upande wa pili, wakaniletea: ukumbi, mafuta ya gari, nyumba ya wageni, chakula, soda, tangazo la redio, posho yangu. Jumla haikuvuka 400,000. Nikauliza salio linakwenda wapi, nikaambiwa ni la maandalizi ya filamu. Filamu ile haikutoka, si mwaka ule wala uliofuata, na hakuna mtu ninayemjua aliyepigiwa simu.

Utasema hao walikuwa matapeli na wewe si tapeli. Najua. Nimelala na jambo hili nikijiambia hivyo hivyo, kwamba namhukumu binti yangu kwa makosa ya watu ambao hata sikumbuki sura zao. Lakini kuna kitu katika hesabu ile ambacho hakihitaji utapeli ili kitokee, nacho ndicho ninachotaka ukitazame. Siku ile fedha iliingia kwa kukataa watu. Kila aliyekataliwa alikuwa amelipa sawa na ambaye angechaguliwa, na waliokataliwa daima ni wengi. Ukiweka ada mlangoni, hata kama una nia njema kabisa, faida yako inakuwa kwenye wingi wa wanaokuja, ilhali kazi yako ilikuwa kumpata anayefaa. Unamtafuta mama wa makamo wa kucheza nafasi ya bibi harusi aliyeachwa, lakini tangazo litaandikwa kwa namna ya kuwavuta hata wasichana wa kidato cha nne, kwa sababu nao wana 10,000. Hutakaa chini ukaamua kufanya hivyo. Itatokea tu, pale mwenzako atakapotazama bajeti ya ukumbi na kusema tunahitaji watu mia moja zaidi. Na watu mia moja wakija, siku itakuwa ile ile, na mtaanza kuwaita wanane wanane.

Hiyo hoja yenu ya kuchuja imenisumbua zaidi ya zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Watu huheshimu walicholipia. Nimeona mkulima akiacha kuhudhuria semina ya bure na kufika mapema kwenye ile aliyochangia. Ada itawapunguza wale wanaokuja kupiga picha za kuweka mtandaoni. Lakini itampunguza na nani tena? Fikiria binti anayeuza parachichi hapa njia panda ya Uyole, ambaye 10,000 ni mtaji wake wa siku. Fikiria kijana wa Mafinga anayepakia mbao. Ada inawachuja watu kwa mifuko yao, na mfuko haujui kuigiza. Mkitaka kuchuja, kuna njia zinazochuja kile mnachokitafuta: mpe mtu ukurasa mmoja wa mswada, aukariri, ajirekodi kwa simu, autume, asiye makini hatakariri ukurasa mzima. Najua hata hilo lina gharama ya bando na si kila mtu ana simu ya namna hiyo, kwa hiyo acheni siku moja ya kuwapokea wasio na simu. Bado ni nafuu kuliko ukumbi.

Kuhusu hoja ya kwamba wote wanafanya hivyo, nilimwomba kaka yako anitafutie kwenye intaneti watu wa kwingine wanafanyaje, akaniletea karatasi nyingi kuliko nilivyoomba. California, huko Marekani ambako filamu ni tegemeo la maelfu ya familia, walitunga sheria mwaka 2009, ikaanza kutumika Januari 2010, inayokataza kumtoza msanii fedha ili asailiwe. Je, watu waliacha? Walibadilisha jina la biashara. Wakafungua warsha ambazo mwigizaji analipia kufundishwa, na mwalimu kwa bahati njema ni yule yule anayechagua waigizaji wa filamu na tamthilia. Mwaka 2017 mwanasheria wa jiji la Los Angeles alizifungulia mashtaka warsha tano pamoja na watu waliohusika nazo, baada ya mwigizaji kutumwa kwa siri akalipe na kuhudhuria. Nakueleza hili kwa sababu katika barua yako kuna sentensi moja, ile inayosema mnaweza pia kuiita “mafunzo ya siku moja”. Nimeipigia mstari. Kufundisha ni kazi halali na mwalimu alipwe. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kimekuwa kikifundisha tangu 1981, na mwanafunzi analipa ada kwa sababu anaondoka na kitu kichwani hata asipopata nafasi popote. Ninyi mkifundisha, fundisheni kweli, siku nyingine, na aliyelipia mafunzo asipate upendeleo hata chembe siku ya usaili. Kama hamuwezi kuvitenganisha, basi hayo si mafunzo, na ninyi wenyewe mnajua.

Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, linasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mtafuta kazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Nilifurahi niliposoma hapo, nikataka kukuandikia kwa herufi kubwa, kisha kaka yako akanionyesha aya inayofuata, ambayo inaruhusu mamlaka kuweka vighairi kwa aina fulani za wafanyakazi, kwa maslahi ya wafanyakazi wenyewe na baada ya kushauriana na vyama vinavyowawakilisha waajiri na wafanyakazi. Basi nikatulia kidogo. Lakini hata vighairi hivyo vinataka mfanyakazi aulizwe. Waliopanga foleni mbele ya meza yangu mwaka 2006 hakuna aliyewauliza.

Na usiniambie kwamba desturi ya sanaa haibadiliki. Huko huko Marekani waigizaji wa jukwaani walikuwa wakifanya mazoezi kwa majuma mengi bila malipo, na onyesho likifungwa mapema wanaachwa mji wa mbali bila nauli. Kila mwenye ukumbi alisema ndivyo kazi ilivyo. Wakaanzisha chama chao mwaka 1913, wakagoma mwaka 1919, na kumbi zilipofunguliwa tena mazoezi ya bure yalikuwa yamewekewa mipaka. Vyuo vya uigizaji vya Uingereza vilitoza ada ya usaili kwa miaka mingi, na baadhi vimeiondoa katika miaka hii ya karibuni. Kwa hiyo “wote wanafanya hivyo” ni taarifa ya leo tu.

Kuna jambo jingine ambalo nitaligusa upesi, kwa kuwa wewe ni binti na unalijua kuliko mimi. Mtafuta nafasi akishazoeshwa kwamba kusikilizwa kuna bei, hatashtuka sana mtu mwingine atakapomtajia bei ya aina nyingine. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono waziwazi, na waathirika wake ni hao hao, vijana wanaosubiri mlangoni. Katika kikundi chako sitaki mtu yeyote aliyekuja kusikilizwa adaiwe chochote cha aina yoyote, ili siku mmoja wa wenzako atakapodai, yule binti ajue papo hapo kwamba huyu anaiba.

Umeona, nimesema “sitaki”, na nilijiahidi kutosema hivyo. Tuseme basi upande wako, kwa haki. Huna mfadhili. Usipotoza, pengine tamthilia haipigwi picha, na hapo hata yule muuza parachichi hapati kazi, na nitakuwa nimelinda 10,000 yake kwa kumnyima nafasi. Mimi nimestaafu, ni rahisi kwangu kuwa mwadilifu kwa fedha za mwingine. Pia 10,000 ya leo si 5,000 ya mwaka 2006. Na mama yako, ambaye nilimsomea barua yako, alisema jambo ambalo sikulipenda: kwamba huenda shangazi yako asingekuja kabisa kama ingekuwa bure, kwa kuwa asingeamini ni kitu cha maana. Nimelifikiria. Huenda ni kweli. Lakini kama ni kweli, basi ada ile haikumchuja asiye makini. Ilimvuta aliye makini hadi kwenye mstari wa watu wanane.

Kama utatoza, kwa sababu najua unaweza kutoza pamoja na yote haya, kuna mambo ambayo karani yeyote mwaminifu angekudai. Kila anayelipa apate stakabadhi yenye jina la kikundi na namba ya usajili. Kibali cha Bodi ya Filamu kiwe kimebandikwa mlangoni, ili mtu aone kuna filamu kabla hajatoa fedha. Nafasi zinazotafutwa zitajwe, umri na jinsia, ili mtu asilipe kugombea nafasi ambayo si yake. Idadi iwe na kikomo, na kikomo kipangwe kwa saa, si kwa fedha: kama kila mtu anahitaji dakika kumi, hesabu mwenyewe siku moja inabeba wangapi, na ukifika hapo funga kitabu. Asiyesikilizwa peke yake arudishiwe fedha yake siku hiyo hiyo. Na baada ya usaili mapato na matumizi yaandikwe, yasomwe mbele ya waliolipa wakitaka.

Ukiyatimiza yote hayo, nadhani utagundua kwamba fedha iliyobaki haifiki hata ya soda, na kwamba mngeweza kuomba darasa la shule siku ya Jumamosi, mkatumia simu badala ya kamera ya kukodi, na mkala nyumbani kabla ya kwenda. Lakini hilo ulione mwenyewe. Sitakwambia usitoze. Umri wako ni wa kuamua, na kikundi si changu, ingawa ulimi unaniwasha na mama yako anaona ninavyouzuia.

Nitumie bajeti ya siku ya usaili kabla hamjachapisha fomu. Usiniandikie jumla, niandikie kila kitu kwenye mstari wake, na chakula cha waamuzi kiwe mstari wa peke yake. Shangazi yako naye anasema ukija kufanya usaili Mbeya, kile kipande cha mjane bado anakikumbuka, ila hatalipa.

Ni mimi baba yako.